Samaki Waliokufa Baada ya Mvua

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya harambee, mwendo mfupi kutoka soko la Kebirigo, na hasira zangu zilikuwa karibu. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na chumba kimoja chenye paa la mabati, meza mbili, na tangi la vioo nililotengenezewa na fundi wa madirisha. Ndani yake niliweka samaki wadogo kumi na wawili, aina ya ngege, kutoka kidimbwi cha mkulima jirani. Wanafunzi waliacha hata chakula cha mchana waje kuwatazama, nami nikavimba kichwa kana kwamba niliwaumba mwenyewe.

Mama aliyefagia shule ndiye aliyewabadilishia maji. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye maneno machache, na kila wiki alipanda kilima kutoka mtoni na ndoo kichwani. Siku moja nilimwambia aache kujitesa, achote kwenye pipa lililokinga maji ya mvua kutoka paa la chumba hicho hicho. Maji ya mvua ni safi, nikamweleza, tena kwa sauti ya darasani.

Asubuhi baada ya kubadilisha maji, nilikuta samaki watano wanaelea. Kesho yake, wanne wengine. Hawakuwa na kidonda wala ukungu. Nilinusa maji, nikakagua chakula chao, nikakuna kichwa. Mwishowe nikakumbuka kwamba mama yule huvisugua vile vioo, na palepale nikaamua ni sabuni. Sikumuuliza. Nilisimama saa ya chai, mbele ya kila mtu, nikasema mfagizi ametuulia samaki kwa sabuni. Mwalimu mkuu, aliyejivunia tangi lile kuliko mimi, akasema Ijumaa atamwachisha kazi.

Mama alinifuata hadi mlangoni. Hakulia.

"Mwalimu, sabuni mimi sijaweka. Nilisugua na majani tu. Sasa kanisani watasema nimefukuzwa kwa kuua vitu ya shule. Wewe si umesoma? Angalia hiyo maji."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimesomea kupima mambo, na hapo sikuwa nimepima kitu. Nikachukua karai mbili, nikazisuuza vizuri. Moja nikaitia maji ya pipa, nyingine maji ya mto ambayo mama alikwenda kuyachota bila kuambiwa. Kila moja ikapata samaki mmoja. Tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye, tunatazama. Kabla ya kengele ya kipindi kilichofuata, yule wa maji ya pipa alianza kuyumba, akazunguka kama mlevi, akalala ubavu. Yule wa mto aliendelea kuogelea.

Niliegemeza ngazi ukutani nikapanda. Mabaki ya maua ya pareto yalikuwa yametapakaa juu ya mabati, na mengine yalikuwa yamesombwa na mvua hadi kwenye mfereji wa pipa. Ilikuwa pareto yangu. Wakati huo karibu kila mwenye kishamba kwetu alikuwa nayo, na kwa kuwa chini kulikuwa na matope na kuku, niliona paa la shule ndilo pahali pazuri pa kuianika. Mvua ya alasiri ilipokuja niliikusanya mbio mbio, yaliyobaki sikuyajali. Muhula huo huo nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili kwamba pareto huua wadudu na haimdhuru mtu. Samaki sikuwafikiria hata kidogo.

Nilishuka nikamweleza mama kila kitu, nikamwomba msamaha, nikamwambia mchana huo nitakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kufuta maneno yangu. Alisikiliza, kisha akasema nikiomba samaki wengine kwa mkulima, atawachotea maji mtoni mwenyewe. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha. Akatikisa kichwa.

"Lakini ofisini hapana. Ulisema wakati wa chai. Utasema wakati wa chai."

Basi kesho yake, saa ya chai, nilisimama tena. Yeye alisimama karibu na mlango, kitambaa cha kichwa amekifunga upya. Nikasema pareto ni yangu, amri ya kuchota maji ya pipa ni yangu, na mama huyu hakukosa lolote. Walimu walinicheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema kazi ya mama iko palepale. Nilikuwa na aibu kubwa, lakini moyo ulikuwa mwepesi kuliko siku zote za wiki ile. Nikavuta kiti nikae.

"Mwalimu, ngoja," mama akasema. "Ile siku mpishi alikuwa hapa. Leo hajafika."

Akaitwa mpishi kutoka jikoni. Alipoingia, anapangusa mikono, nikasimama nikarudia yote tangu mwanzo.