Fimbo Mbili Ukingoni

Kila Jumapili Papa Gustave aliwaongoza wazungu waliokuja kuwinda bata kwenye mafunjo yaliyo chini ya Kalembe, na kwa miaka kumi hakuna aliyempotea. Yeye alisema ni kwa sababu ya fimbo. Kila anayeingia huchomeka fimbo yake kwenye tope la ukingoni, na akitoka huing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Fimbo isiyong'olewa na mwenyewe, mwenyewe bado yumo ndani. Wazungu walicheka. Waache wacheke, lakini walichomeka.

Jumapili moja ya mwaka 1953 aliingia na mzungu mmoja tu, mgeni. Mzungu akatangulia kutoka, akazing'oa fimbo zote mbili, akazivunja na kuwashia moto. Gustave alikuta vijiti vya mwisho vinafuka.

"Bwana, fimbo yangu iko wapi?"

"Njo hii inachemsha kahawa," mzungu alijibu akionyesha moto, akamnyooshea kikombe.

Gustave akanywa. Angefanyaje?

Akirudi nyumbani alikuta korongo wakila kando ya maji. Siku zote waliruka yeye angali mbali. Leo alipita katikati yao, akapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyeinua shingo.

Nyumbani, jua likiwa bado juu, mke wake Agathe alikuwa mlangoni anapepeta maharagwe. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni, akamsogezea kiti.

"Karibu, Papa. Kaa, ungoje kidogo. Bwana yangu angali mule mu mafunjo."