Kaka Niliyempa Upadre

Hapa Nangara mtu akisema anasoma falsafa, watu wanaelewa jambo moja tu: anakwenda kuwa padre. Kwa hiyo kaka yangu aliporudi nyumbani na maboksi mawili ya vitabu, aje kuandika tasnifu ya uzamili kuhusu Wagiriki wa kale na kifo, mtaa mzima ukaanza kumpa heshima ya altareni. Aliwaeleza mara mbili tatu, akachoka.

Mimi sikuchoka. Niko kidato cha tatu, na mdomo wangu umeshanifikisha kwa mwalimu wa nidhamu mara nyingi kuliko miguu. Bibi jirani aliponiuliza, "Mjukuu wangu, upadrisho ni lini? Nimemtengea mbuzi," nilimjibu bila kupepesa macho:

"Bibi, alishapewa huko huko chuoni. Ameomba isitangazwe, anaogopa kuzawadiwa mbuzi wengi."

"Jamani, unyenyekevu huo!" akasema, mkono kifuani. Niliingia ndani nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Wiki ya pili yake, mume wake alizidiwa. Babu alikuwa anaumwa kifua tangu palizi. Saa nane mchana bibi aliingia kwetu, kitenge kimefungwa upande, akanipita hadi kwenye meza ya kaka.

"Padre, njoo na mafuta ya wagonjwa. Anaondoka."

"Bibi, mimi si padre."

"Najua hutaki ijulikane. Wanangu walitaka kwenda parokiani tangu asubuhi, nikawazuia. Nimewaambia tunaye wetu."

Tangu asubuhi. Kaka alinigeukia. Ningeweza kunyamaza, na bibi angemwona mnyenyekevu zaidi.

"Bibi, nilikudanganya," nikasema. "Ulikuwa utani."

Alinitazama kama mtu anayetafuta nilipo. "Kimbia basi," akasema.

Nilikimbia hadi kwa katekista, nyuma ya mashine ya kusaga, kandambili mkononi. Akapiga simu. Padre alikuwa kijiji cha Singe, kwenye sala ya jumuiya. Akasema atakuja na pikipiki.

Niliporudi, nilimkuta kaka kwa bibi, ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha babu.

"Kumbe si padre," babu alikuwa anasema. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba. "Sasa miaka yote hiyo unasoma nini?"

"Wazee wa zamani sana, babu. Walikuwa wanaulizana namna ya kuishi na namna ya kufa."

"Wakapata jibu?"

"Kila mmoja la kwake."

Babu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi na mimi niulize."

Kaka, aliyejaza madaftari matatu kuhusu jambo hilo hilo, alikosa swali. Mwishowe akasema, "Unaogopa nini, babu?"

"Nilimpiga mdogo wangu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akafa hatujasalimiana." Akapumzika. "Hilo nilimwekea padre. Wewe umelisikia bure."

"Padre yuko njiani. Alikuwaje, huyo mdogo wako?"

Babu akaanza kusimulia walivyochunga pamoja chini ya mlima Hanang, mdogo wake akiogopa fisi kuliko baba yao. Kila aliponyamaza, macho yakianza kujifumba, kaka aliuliza lingine. Ng'ombe gani? Nani alikuwa na mbio? Bibi alimshika babu miguu. Mimi nilisimama mlangoni, nikitega sikio barabarani.

Pikipiki ikasikika. Padre alipoingia na mafuta yake, babu aliinua kidole. "Subiri kidogo, padre. Huyu kijana hajamaliza." Padre akasubiri. Kisha sote tukatoka nje, mlango ukafungwa.

Babu alifariki kesho yake asubuhi. Alikuwa ameungama.

Nilitamani bibi anigombeze. Hakunigombeza. Siku chache baada ya mazishi alikuja kwetu na mbuzi, akanipa kamba.

"Huyu alikuwa wa padre. Mpeleke kwa padre wa kweli. Kwa miguu. Na kila atakayekuuliza, mweleze."

Mbuzi alikuwa mbishi, na kutoka Nangara hadi parokiani watu ni wengi. Kijiweni kwa bodaboda walianza mapema: "Sista, mambo? Mbuzi wa nani huyo, mahari yako nini?"

Nikasimama nikawaeleza yote, tangu maboksi ya vitabu hadi kidole cha babu. Hakuna aliyecheka.