Mtungi wa Kasiksi Niliouvusha Ruzizi

Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, na nyumba hii ya matofali hapa Songo niliijenga kwa mikono yangu, hakuna muntu aliyenishika mkono. Nasema hivyo mapema ili ujue kwamba si mjinga anayeandika hapa. Ujinga nilikuwa nao mara moja, na huo mmoja ulitosha.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa Mutarule, na marehemu baba aliniachia shamba kando ya Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Urundi. Migomba aliipanda mama, na katikati yake tulimzika baba. Wakati ule kila mwanaume wa bonde alilazimishwa kulima pamba, na monitere, yule karani wa mashamba, alipita na daftari lake kukagua mistari. Pamba niliichukia kama homa.

Masika moja mto ulifurika, ukaacha njia yake ya zamani, ukapasua ardhi nyuma ya shamba letu, upande wa kijiji. Maji yalipopungua, shamba lilikuwa ng'ambo, upande wa Urundi. Majirani walikuja kunipa pole. Minye mwenyewe nilicheka.

Monitere alipokuja, nilimngoja nimejishika kiuno.

"Pamba yako iko wapi?"

"Bwana, mupaka ya hii inchi iko nini?"

"Iko muto."

"Basi angalia. Shamba iko Urundi. Sheria ya pamba yenu haivuki maji."

"Weye unasema shamba si ya huku tena?"

"Nasema. Andika."

Aliandika. Nilijua kuandika jina langu, lakini niliomba kutia kidole, maana kidole cheusi kilionekana cha kisheria zaidi. Nilirudi nyumbani natembea kama hakimu.

Sasa migomba ilikuwa ng'ambo bila mlinzi. Huko aliishi mkulima mmoja, Mrundi, mkristo mpole wa maneno machache. Niliona vema nimwombe aitupie jicho. Mikono mitupu haiendi kwa muntu, kwa hiyo nilikamua kasiksi, pombe ya ndizi za mama, nikauvusha mtungi kwa mtumbwi. Alikunywa taratibu, akanipa mrija na minye.

"Aksanti, ndugu yangu. Lima tu."

Nikajiambia, muntu mwenye adabu namna gani! Mavuno matatu nilimpelekea mtungi, na mara tatu aliniambia nilime tu.

Kwetu Bafuliiru na kwao Barundi, anayepeleka pombe ndiye anayeomba ardhi, na anayeinywa ndiye mwenyewe. Hilo nililijua tangu nanyonya. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa sheria ya wazungu, hakikuwa na nafasi ya sheria ya bibi yangu.

Kisha nikasikia anakata migomba ili amjengee kijana wake nyumba. Nilivuka mbio. Kaburi la baba lilibaki hatua kumi kutoka kwenye panga lake. Tuliita wazee wa pande zote mbili, wakakaa kwenye mchanga wa kivuko. Mkubwa wao, muzee wa kwetu kabisa, akaniuliza:

"Pombe, nani alileta?"

"Minye, muzee."

"Nani alikunywa?"

"Yeye. Na minye kidogo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Wakatazamana. Nikaona nimekwama, nikarukia sheria nyingine: mto hauwezi kuiba inchi ya watu, mupaka ni ile njia ya zamani! Nilisema vizuri, hata leo najisifu. Monitere, aliyekuwa amesimama pembeni, akafungua daftari polepole.

"Na hii kidole iko ya nani?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Yule muzee wa kwetu akasema, "Mwanangu, wazungu wamekushinda kwa kidole, wenzako wamekushinda kwa mtungi. Ulitaka sheria mbili, umepata mbili."

Shamba likawa la Mrundi. Mwenyewe alisimama, akasema kaburi halitaguswa, wala migomba inayolizunguka. "Ukuje wakati wowote, ndugu yangu. Lakini usisahau mtungi."

Kila mavuno nilivuka na kasiksi kichwani, kumwamkia baba yangu mwenyewe kwa ruhusa ya jirani. Mara ya kwanza nilikwenda nimenuna. Alinipa mrija kabla yake, kwa heshima ya marehemu. Nikavuta. Ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kukamua, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.