Sauti Aliyoichukua Jikoni

Wanawake wa kwaya walimlilia mume wangu mpaka nikajiuliza mjane ni nani. Mimi nimekaa kwenye mkeka, khanga kichwani, wao wanagaragara uani na sare zao: "Mwalimu wetu, umetuacha na nani?" Na nani! Mimi niliyemchemshia maji ya kuoga miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza nimeachwa na nani.

Niseme mapema, msije mkanishangaa baadaye: nilikuwa na wivu, na bado ninao. Si wivu wa kufumaniana. Mume wangu hakuwa mtu wa hivyo, na hata angetaka, muda angeupata wapi? Alipiga kinanda na kufundisha kwaya ya parokia yetu hapa Songea tangu hajaota mvi mpaka hizo mvi zenyewe zikamwisha kichwani. Jumamosi mazoezi, Jumapili misa mbili, katikati ya wiki harusi, jubilei, misiba. Krismasi sijawahi kula naye wali wa moto. Namfunikia, anarudi jioni sauti imemkauka, anakula kimya, analala. Nikinuna, ananiuliza kama naumwa.

Na kinachoniuma zaidi, mimi mwenyewe nilikuwa mwanakwaya. Sauti ya pili, tena ya kutegemewa. Huko huko ndiko alikoniona. Tumefunga ndoa, hata sherehe hazijapoa, ananiambia, "Mke wangu, itabidi upumzike kwaya kidogo. Nikikusifia watasema nakupendelea, nikikugombeza tutakuja kununiana nyumbani." Nikacheka, nikidhani ni utani. Wapi! Jumapili iliyofuata nikakaa benchi pamoja na waumini wengine, namtazama anavyowaonyesha wenzangu kwa mikono wapande wapi, washuke wapi, na uso wake unavyong'aa wakipatia. Uso ule nyumbani niliuona kwa nadra. Hiyo "kidogo" yake ndiyo nimepumzika mpaka leo.

Basi wenzangu wakamfanya wa kwao. Huyu kamletea chai ya tangawizi kwenye chupa, asikaukiwe koo. Yule kamletea mayai ya kienyeji. Kiongozi wa sauti ya kwanza, mama mmoja mwenye meno mazuri na kicheko kirefu, akamfumia sweta la bluu kwa sababu mwezi wa sita baridi ya hapa haina mchezo. Sweta la sufu, tena lina vifungo! Nililifua kwa maji ya moto, na nilijua ninachofanya. Likasinyaa mpaka mikono ikaishia viwikoni. Mnadhani aliliacha? Thubutu! Alilivaa hivyo hivyo hadi Pasaka, akipiga kinanda na viwiko nje, na yule mama anamwambia limemkaa vizuri.

Kwa hiyo nilichotaka kwa mwanaume yule kilikuwa kidogo tu. Kitu kimoja chake ambacho kwaya hawana. Kimoja, nikae nacho.

Alifariki masika haya, presha ilimpanda asubuhi na jioni hatunaye. Tukamzika kwao Maposeni, pembeni ya shamba la ukoo, mahindi yamesimama marefu mpaka waombolezaji wa nyuma hawaonekani. Ibada ikaenda vizuri. Jeneza likashushwa. Ndipo padri akawaambia kwaya waimbe wimbo wa mazishi, ule alioutunga marehemu mwenyewe alipofiwa na mama yake. Hakuna mtu wa parokia yetu anayezikwa bila wimbo huo.

Mwalimu msaidizi, kijana wa halmashauri aliyehamia huku kikazi, akafungua mdomo kutoa sauti ya kuanzia. Akaitoa juu mno. Nilishtuka kabla hata hawajaingia. Ubeti wa kwanza wakajikongoja, ubeti wa pili sauti ya kwanza wakapasuka, mmoja mmoja wakanyamaza. Msaidizi akasafisha koo, akaanza tena, safari hii chini, mpaka sauti ya nne wakawa wananguruma tu. Watu wakaanza kutazamana. Kisha wakatafuta kinanda kwa macho, kumbe makaburini kinanda hakiendi.

Sasa sikilizeni. Wimbo ule haukuandikwa popote, aliwafundisha kwa mdomo. Alipoutunga hatukuwa na kinanda nyumbani. Mimi nachambua maharage, yeye amekaa kwenye kigoda, ananiambia niimbe, anapanda, anashuka, mpaka akaupanga pale koo langu linapokaa. Na kila msiba, akishavaa koti, alikuwa anasimama mlangoni jikoni: "Hebu nipe." Nampa ile sauti ya kwanza tu, mmm, huku nakoroga uji. Anaidaka, anafunga mdomo, anaondoka nayo. Njia nzima hamsalimii mtu. Watoto wakimpa shikamoo anapunga mkono. Watu wakasema mwalimu akienda kuzika anakuwa kwenye sala. Sala gani! Alikuwa amebeba sauti yangu, anaogopa isimponyoke.

Kwaya hawakulijua hilo. Ndicho kitu changu.

Nikasimama pale kaburini nayo kooni, imeiva kabisa. Yule mama wa sweta alikuwa karibu yangu, analia huku anahangaika kuitafuta, anaguna huku, anaguna kule, haipati. Ningefungua mdomo tu. Nikamwangalia, nikasema moyoni, mmechukua Krismasi zote, mmechukua Jumamosi zote, hii hamuipati. Nikaimeza. Padri akakohoa, akasoma sala, makoleo yakaanza. Nilisikia udongo tu.

Nilirudi nyumbani Mshangano nikiwa kama mtu aliyeshinda kesi. Nikipeta mahindi naimba mwanzo ule, peke yangu, nasema haya, mtautoa wapi sasa?

Mwezi haujaisha, jirani yetu muuza mbao akafariki. Mtu mwema, lakini kanisani alikuwa anakuja Pasaka hadi Pasaka. Nikaenda kuzika kama majirani wote. Jeneza liko chini, nikamwona yule msaidizi anatoa simu, anaiweka sikioni. Nikaguna, kijana hana adabu, anapokea simu kaburini. Akasikiliza kidogo, akaishusha, akatoa sauti.

Ileile. Pale pale pangu.

"Tumempata mwalimu, alirekodiwa kwenye simu ya mtu, mama," yule mama wa sweta akaninong'oneza, machozi yanamtoka kwa furaha. "Anaanza mwenyewe!"

Wimbo ukapanda. Sauti zote nne, hakuna aliyejikwaa, ubeti kwa ubeti, hadi wachimba kaburi wakasimamisha makoleo wasikilize. Wanakwaya nyuso zinang'aa. Na mimi nimesimama katikati ya watu, namwonea wivu muuza mbao ndani ya jeneza lake. Parokia nzima, aliyezikwa bila ule wimbo ni mume wangu peke yake.