Nilipoingiza chetezo cha udi chumbani kwa nzi wa binti yangu

Assalaam alaykum wakuu. Ninayoyaandika yamenifika mimi mwenyewe. Mengine yananifedhehesha, lakini sitayapunguza.

Ninakaa Michenzani. Binti yangu Zuhura anasomea shahada ya pili ya baiolojia, na utafiti wake ni nzi wadogo wa matunda. Chuo kilipofungwa kwa Sikukuu, alikuja nao nyumbani ndani ya chupa mbili, akiwalisha ndizi mbivu na hamira.

Nilimwambia, "Wenzako wanasomea udaktari, wewe unafuga nzi?"

"Nnatazama wanavyokua, baba."

Asubuhi ya Idd, wageni wakiwa njiani, niliingiza chetezo chumbani mwake, nikafunga mlango ili moshi wa udi ukolee.

Sikuuliza mtu.

Niliporudi, nzi wote walikuwa chali.

Zuhura hakulia. Alisema tu, "Wiki ijayo natakiwa niwaoneshe watahini. Sina wengine."

(Afadhali angelia.)

Kisha akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga. Mabuu walikuwa wamenata kwenye kioo, kila mmoja ndani ya ganda lake, hai.

Hapo mwanangu akanisomesha. Ndani ya kila seli mna mitambo inayofungasha protini katika vifuko na kuzitoa nje. Buu akikaribia kugeuka nzi, mitambo hiyo humtolea gundi, naye hujibandika mpaka aote mbawa.

Chupa ya pili ilikuwa ya nzi wenye kasoro ya kurithi. Gundi wanayo, ila haitoki, kwa hiyo maganda yao hayanati.

Siku ya nne, mbawa za kwanza zilitokeza. Nilikuwa nimekaa mbele ya chupa tangu alfajiri.

Siku ya mtihani nilikaa nyuma kabisa. Mtahini mmoja, mzee mkali, akaonesha maganda ya chupa ya kwanza, akauliza, "Bi Zuhura, hawa hukuwabandika wewe?"

"Gundi ni yao, mwalimu. Ningekuwa nayo ningebandika na hawa wa pili."

Watu wakacheka. Zuhura akazipindua chupa zote mbili, akazigonga. Katika ya pili maganda yaliporomoka kama ufuta. Katika ya kwanza halikutikisika hata moja.

Mzee akavua miwani, akasema, "Nimeridhika."

Zuhura alifaulu bila sahihisho. Nami nikamwomba radhi mlangoni, mbele ya watahini wake, kwa sauti ya kusikika.

Wakuu, mzazi anayedharau asichokijua hufundisha ujinga kwa ulimi wa adabu. Ulizeni kwanza.

Nani mwingine hapa ameshindwa na mwanawe akatoka kifua mbele? Nawasikiliza.