Nyumba ya Mama Kabla ya Jumatatu

Mtu akiniuliza ni ujinga gani mkubwa nimewahi kuufanya ukubwani, nitamjibu bila kufikiri: kujifunza kuchora kwa rangi za maji huku naishi Kyela. Rangi za maji zinataka karatasi ikauke. Kyela hakikauki kitu. Ukianika nguo asubuhi, jioni unaanua zile zile mbichi. Chumvi kabatini inalowa, viatu vinaota ukungu. Na sisi watu wazima sita, wenye akili zetu, kila Jumamosi tulikuwa tunabeba mbao, brashi na vikopo vya maji, tunakwenda kukaa nje kuisubiri mvua ituharibie.

Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa sanaa, mwanamume mrefu asiyetaka ubishi. Kuna wauguzi wawili, kuna mke wa mchungaji, na kuna mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, akaoa huku, pwani hakurudi tena. Huyo mzee ndiye mchoraji mbaya kuliko sote. Watu anaowachora wana vichwa kama mafenesi. Anajua, na wala hajali. Wa sita ni mimi, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi.

Nilijiunga kwa sababu moja tu, na nilimweleza kiongozi siku ile ile ya kwanza. Nilitaka kuchora nyumba ya mama yangu kule Ipyana kabla haijabomolewa.

Ni nyumba ya mianzi na udongo, baba aliijenga walipooana. Kila mwaka, mpunga ukishaingia ndani, mama alikuwa akiikandika upya kwa mikono yake, kwa udongo anaouchota kwenye kijito nyuma ya shamba la kokoa. Rangi yake si nyekundu, si njano. Ni kama tunda la kokoa siku moja kabla ya kuchumwa. Nimeipiga picha kwa simu mara nyingi, lakini simu inaufanya ule ukuta uonekane mweupe, kama mgonjwa. Nimekua nikiuegemea ukuta huo. Nilikuwa nataka rangi yake, basi, nibaki nayo. Kaka yangu aliyeko Mbeya alikwishanunua matofali na bati, anamjengea mama nyumba ya kisasa pale pale. Simlaumu. Haya, namlaumu kidogo.

Kwa nini sikwenda peke yangu? Anayeuliza hivyo hajawahi kuwa binti wa kwanza kwenye mji wa Kinyakyusa. Binti akifika kwao haketi. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kisahani cha rangi, mama akapita mbele yangu na ndoo kichwani. Akaniangalia tu, akapita. Nani ataendelea kukaa kwenye kigoda hapo? Mara ya pili ilikuwa kokoa: imeanikwa, mawingu yanakuja, iingizwe ndani. Nikaona dawa ni moja. Nikienda na wageni, nami nitakuwa mgeni, nitakaa na wageni, nitachora. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, mimi mwalimu wa hesabu.

Lakini kiongozi wetu! Kila nikitaja Ipyana, yeye anataja Matema. "Nyumba ya udongo ina nini? Twende ziwani, kule kuna mwanga." Tukaenda ziwani. Jumamosi nyingine, ziwani. Mara moja tulikwenda Busale kwenye mipunga, tukarudi tumelowa hadi mifupa, Jumamosi iliyofuata ziwani tena. Ile milima ya ng'ambo nimeichora mpaka naweza kuichora nikiwa nimefumba macho, na bado inatoka mibaya. Nilikuwa narudi nyumbani na karatasi zimejikunja, nazirusha chini ya kitanda kwa hasira.

Kisha kaka akapiga simu. Mafundi wanaanza kubomoa Jumatatu. Nilikwenda kwa kiongozi jioni ile ile, hata salamu sikumpa vizuri. Nikamwambia, "Jumamosi hii kama si Ipyana, mimi na kikundi basi."

Akanitazama, akavua miwani. "Sasa hasira za nini, mwalimu? Si ungesema tu. Twende."

Si ningesema tu! Nilitoka pale nikiwa nacheka peke yangu njiani kama kichaa.

Mama nilimpigia simu mapema. "Mama, hawa watu hawaji kula. Wanakuja kuchora. Nakuomba, usipike."

"Sawa, mwanangu."

"Hata chai, mama."

"Nimekusikia. Kwani mimi kiziwi?"

Tulipofika Jumamosi asubuhi, moshi wa jikoni tuliuona tangu barabarani. Mama alikuwa amesimama uani na kitenge chake cha kanisani, anapiga magoti kwa kila mgeni, "Mugonile, mugonile," na kuku amefungwa miguu chini ya mgomba. Kuku mzima. Alikuwa anamsubiri mzee wa duka amchinje mwenyewe, maana alisikia kwangu kwamba katika wageni yumo Mwislamu, na hakutaka mgeni wake hata mmoja ale kwa mashaka. Mzee wa watu akapokea kisu kwa mikono miwili, "Ndaga fijo, mama," akashukuru, akageuka kutafuta kibla. Kama si kuudhika kwangu ningesema lilikuwa jambo zuri.

Nilijifanya sioni. Nikatafuta mahali penye ukuta wote, nikabandika karatasi yangu ubaoni, nikachora mstari wa paa. Mstari mmoja. Ulitoka vizuri, naukumbuka mpaka leo.

"Mwanangu, njoo mara moja tu unimenyee ndizi."

Mara moja ya mama yangu kila mtu Ipyana anaijua. Ilikuwa mkungu mzima. Na kwa haraka yangu nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la pili kwetu halifanyi: nikamenya ndizi mbichi bila kupaka mafuta mikononi. Nilipomaliza nikakimbilia karatasi yangu, nikaigusa kuinyoosha. Utomvu! Utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo, utatoka kwenye karatasi? Alama za vidole vitano, zinanata, na nilijua kufika jioni zitakuwa nyeusi, katikati kabisa ya ule ukuta niliouvizia miezi yote. Nikabandika karatasi ya pili. Nikaitwa kuteka maji. Nikarudi, nikaitwa kupepeta mchele. Nikarudi, nikaitwa kuonja zile ndizi za mbalaga kama chumvi imekolea, kana kwamba mama yangu, baada ya miaka yote hiyo ya kupika ndizi, amesahau chumvi.

Na wenzangu wametulia. Hilo ndilo lililoniuma. Watu watano wamekaa kwenye vigoda vya kwetu, chini ya mti wetu, wanaichora nyumba yetu, na mimi mwenye nyumba napita katikati yao na sufuria. Muuguzi mmoja akanishika mkono akasema, "Dada, mama yako ana upendo jamani." Nilitamani kumpa sufuria aishike yeye.

Chakula kilipoiva, ni nani anayewanawisha wageni mikono? Binti. Nikazunguka na jagi na beseni. Nilipofika kwa mzee wa duka, akainua macho. "Mwalimu, wewe huchori leo?"

"Nachora, mzee. Si unaona brashi yangu?" Nikamwonyesha jagi.

Akacheka. Mimi sikucheka. Wakala wali, wakala kuku, wakala mbalaga, wakasifu, wakaongezwa kwa nguvu. Nilipokuwa nasugua sufuria ya mwisho ndipo tone la kwanza likanidondokea shingoni. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Wenzangu wakakimbilia barazani na picha zao vifuani. Karatasi yangu ya pili ilibaki uani, na hata sikuifuata. Kulikuwa na nini juu yake?

Nikaingia jikoni, nikamwambia mama maneno ambayo nisingependa kuyaandika, lakini naandika ukweli. Nilimwambia, "Miezi yote hii nimeingoja siku moja. Moja tu. Na wewe umeila na ndizi zako."

Mama alikuwa anafunika mabaki ya wali kwa jani la mgomba. Akalikunja jani upande huu, akalikunja upande ule. "Watu wangekaa hapa kutwa nzima na njaa," alisema, "ndani ya nyumba hii, siku yake ya mwisho?" Hakusema kwa ukali. Nikatoka, nikaenda kukaa na wageni, na mpaka tunaondoka sikumsemesha tena. Niliaga kwa mdomo tu.

Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Jumatatu nilikuwa darasani nafundisha hesabu za sehemu wakati mafundi wanaishusha nyumba. Kaka alinitumia video. Sikuifungua.

Jumamosi iliyofuata tulikutana nyuma ya duka la mzee, ambako ndiko tunakolaza picha sakafuni tuzikosoe, kila moja imekandamizwa na boksi la misumari. Nyumba tano za mama yangu. Kiongozi alikuwa ameweka ziwa nyuma ya nyumba. Ziwa! Ipyana hulioni ziwa hata ukipanda juu ya mnazi. "Picha ilihitaji mwanga," akasema. Wauguzi walikuwa na paa zuri, ukuta wa pinki. Mke wa mchungaji aliificha yake nyuma ya migomba.

Picha ya mzee wa duka ilikuwa mwisho, pembeni, na nilipoinama kuitazama nikaona ukuta. Ule ukuta wenyewe. Rangi ile ile, ya kokoa siku moja kabla ya kuchumwa. Nikamuuliza ameichanganyaje, maana mimi nilikesha wiki mbili na visahani bila kuipata.

"Sijachanganya. Nilimuuliza mama yako hiyo rangi inaitwaje, akanikatia kipande cha udongo kwenye kigae. Nikakoroga na maji."

Nilisimama pale nikajisikia mpumbavu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwomba.

Mbele ya ukuta, mlangoni kwa jikoni, alikuwa ameweka wanawake wawili wenye vichwa vya mafenesi. Mmoja kajifunga kitenge, anacheka, meno yote nje. Mwingine kashika jagi. Nikamwomba mzee anipe ile picha. Akashtuka, maana hakuna aliyewahi kumwomba picha yake, akaitoa mwenyewe chini ya boksi la misumari na kuipuliza vumbi.

Nikampelekea mama Jumapili. Kwa sasa anakaa kwa jirani mpaka nyumba iishe. Uani kwetu pamejaa matofali. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza, akaisogeza tena. Akapitisha kidole ukutani, taratibu, kama anavyopitisha akikandika. "Ni udongo wangu huu," akasema. Akajiona, akacheka. Kisha kidole kikasimama kwa yule mwingine, mwenye jagi.

"Na huyu nani, kanuna hivi?"

Nilitazama. Kichwa cha fenesi, macho nukta mbili, na mdomo umevimba kuliko uso. Mzee yule asiyejua kuchora alikuwa ameupata.

"Siku ya mwisho ya nyumba yangu," mama akasema, "nani huyu aliyekuja kununa?"

Nikamwambia simjui, mama, yule mzee hajui kuchora midomo.