Matundu ya Thaddée

Mume wangu Thaddée hakufukuzwa kazi kwa ulevi, maana pombe hakunywa. Wala hakutoboa matundu kombo kwa kutojua kupima. Nalazimika kuandika kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Richfield, Euphrasie, muumini mwenzangu, alisimama na sahani yake ya sombe, kisamvu chetu cha Kongo, akaniambia mbele ya watu:

"Mama Rachelle, marehemu alikuwa fundi, hatukatai. Ila matundu yake yalikuwa hayasalimiani!"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Na wewe, chumvi na sombe yako vilisalimiana lini?" Wakacheka tena, lakini kicheko cha pili hakikufuta cha kwanza.

"Kasirika tu, dada," akasema. "Si alikiri mwenyewe kwa barua? Kaka yangu alikuwa pale kazini."

Thaddée alizaliwa Uvira, akajifunza useremala Bukavu, katika karakana ya misheni. Padri aliyewafundisha aliwakataza kushika msumari mwaka mzima wa kwanza. Katika kambi ya wakimbizi Burundi alitengeneza vitanda na milango kwa miaka tisa. Tulipofika huku ughaibuni, Saint Paul, mwaka 2011, fundi huyo alipewa kazi ya kupanga maboksi ghalani. Mimi, niliyefundisha sekondari miaka kumi na minne, nilikuwa nabadilisha mashuka ya wazee. Sikulalamika mbele ya watu.

Mwaka 2014 kampuni ndogo ya ukarabati ilimchukua. Kazi ilikuwa nyumba ya wageni ya zamani, kando ya barabara mashariki ya Oakdale, ambako wasafiri wa magari ya farasi walikuwa wakipumzika. Ina ghorofa mbili, baraza refu mbele, na juu ukumbi wa dansi ambao hauna nguzo hata moja katikati. Uzito wote wa paa unashuka kwa kenchi mpaka kwenye nguzo za kuta. Mifupa yake ni mbao za mwaloni. Kila boriti imechongwa ulimi, ulimi unaingia katika shimo la nguzo, na kigingi cha mbao kinapigwa kupita katikati ya vyote viwili. Karibu na kila kiungo mafundi wa kale waliweka alama kwa patasi, ili kila ulimi ujue shimo lake.

Siku ya kwanza alirudi akaketi mezani bila kuvua koti.

"Goretti, watu hawa walifundishwa na padri wangu."

"Walikufa kabla padri wako hajazaliwa."

"Basi yeye alifundishwa na wao. Nyamaza, mwalimu."

Ukuta wa kaskazini ulikuwa umeoza, kwa sababu theluji iliukalia miaka na miaka. Thaddée alipewa aufanye upya, viungo ishirini na viwili. Aliutengeneza kama alivyofundishwa: tundu la kigingi katika ulimi halitoboliwi mkabala kabisa na lile la nguzo. Linasogezwa kidogo, kama unene wa sarafu mbili, kuelekea bega la ulimi, pale boriti inapogusana na nguzo, ili kigingi kikipigwa kilazimike kuvuta, na boriti ibanwe kwenye nguzo. Mbao zikikauka, kiungo hakiachii. Viungo vya kale vya nyumba ile vilifanywa hivyo hivyo.

Kabla hajapiga vigingi, msimamizi alimulika tochi ndani ya tundu. Badala ya duara aliona mwezi mwandamo. Akamulika la pili, la tatu, yote yako hivyo. Akasimamisha kazi, akataka maelezo kwa maandishi kufikia kesho yake asubuhi.

Nilimwambia Thaddée anieleze niandike. Akasema, "Hakuna cha kuandika. Waniache nipige kigingi kimoja, wataona."

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Kwetu Kongo, mkubwa wa kazi akikudai barua ya kujieleza, hushindani naye. Unaandika kwa adabu, unaomba radhi hata kama huna kosa, yeye anaiweka kwenye faili, na mambo yanaisha. Nilishaandika nyingi za namna hiyo kwa walimu wenzangu. Basi nikaandika kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba anasikitika kwa makosa yaliyotokea na hayatarudiwa. Thaddée hakujua kusoma Kiingereza. Nilimwonyesha mahali pa kuweka sahihi, akaweka.

Wakamwachisha kazi siku ile ile barua ilipofika. Kwa kuwa theluji ilikuwa inakaribia, fundi mwingine alipiga vigingi katika matundu yale yale ya Thaddée, kisha akafanya ukuta wa kusini kwa njia yake, matundu mkabala.

Thaddée alifariki mwaka 2017. Mwaka uliofuata nyumba ilifunguliwa, na mlangoni pana ubao wenye majina ya mafundi wote. Lake halipo. Nikaenda. Kwenye ukuta wa kusini, kadi yangu ya basi iliingia kwenye viungo hadi nusu. Kaskazini haikupata hata pa kuanzia. Nikamwita msimamizi, yule yule wa tochi, nikamwonyesha.

"Kazi ni nzuri, mama," akasema. "Lakini yeye mwenyewe alikiri." Akafungua faili, akaniwekea mbele barua yangu.

Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Nilikunja koti langu mkononi nikatoka, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu Thaddée aitwe fundi mbaya kuliko mimi, mwalimu, niitwe mke aliyemfanya mumewe aweke sahihi kwenye barua asiyoielewa. Tangu hapo nimekaa na hasira, na nyingi si ya Euphrasie.

Sasa nimeshaandika. Nakala ya Kiingereza ilikwenda kwa msimamizi jana, yenye jina langu na sahihi yangu, na nimedai jina la Thaddée liwekwe kwenye ubao ule. Kosa la barua ni langu. Matundu yalikuwa sawa.

Binti yangu Rachelle ameniuliza kama baba yake alikufa akijua barua ile ilisema nini. Wengine nao wataniuliza, najua, tena kwa sauti ya huruma. Hilo ni la nyumba yangu, na silisemi.